Kichwa cha Bibi Eva

Kutoka kijiji cha Daweb hadi baharini hapakuwa na pua iliyonusa uongo kama pua ya Bibi Salmina Dausas, ambaye wote walimwita Ouma. Alisema hivyo yeye mwenyewe kwa kila aliyekaa kunywa chai yake, na ilikuwa kweli tupu, ukiacha ile miaka yote ambayo marehemu mumewe alikuwa na mke mwingine Walvis Bay na pua haikupiga chafya hata mara moja.

Jumamosi ile asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mto Kuiseb, mto ambao mwaka ule haukuwa na maji hata ya kulowesha kwato za punda. Nara, yale matikiti ya jangwani yenye miiba, zilikuwa zimeanza kuiva. Ouma Salmina alishika fimbo yake ya kuangulia matunda, akapanda tuta la mchanga kwenda kwenye vichaka vya ukoo wake. Njia ilipita kwenye makaburi ya kale, yale ya kabla ya kanisa kuja: marundo ya mawe tu, bila misalaba. Alipofika kwa Bibi Eva, mama wa nyanya yake, alisimama.

Juzi tu alipita hapo na Bibi Eva alikuwa salama, kwa jinsi marehemu anavyoweza kuwa salama. Sasa rundo lilikuwa limesukumwa upande na mchanga umechimbwa hadi kiunoni. Bibi Eva, aliyezikwa ameketi kama walivyozikwa watu wa zamani, alikuwa bado ameketi. Mabega yalikuwapo. Shanga zake za maganda ya mayai ya mbuni zilikuwapo, zote, zimezunguka mifupa ya shingo. Juu ya shanga hapakuwa na kitu.

Ouma Salmina akasogea pembeni kwa adabu, akatapika. Akatapika chai, akatapika mkate, halafu akatapika hewa. Kisha akafuta mdomo kwa upindo wa gauni, akarudi kutazama vizuri, maana aliyetapika hajapofuka.

Aliona mambo mawili. La kwanza, zile shanga. Watalii wangezigombania kwenye maduka ya Swakopmund, lakini mwizi hakuzigusa. Alichukua kichwa tu, kama mtu aliyetumwa dukani akaambiwa usilete kingine. La pili, juu ya rundo lile lililosukumwa palikuwa na jiwe moja lenye udongo wa mtoni. Mawe mengine yote yalikuwa yamesuguliwa na upepo yakawa meupe kama meno. Hili upepo ulikuwa haujalifikia. Tena halikuanguka hapo. Liliketishwa.

Watu wa Daweb wana desturi yao. Msimu wa nara ukianza, mtu anapofika kwenye kaburi kwa mara ya kwanza huweka jiwe moja, hujitaja jina, hupita. Jiwe moja tu kwa msimu. La pili ni lako mwenyewe: umeanza kujijengea kaburi. Hata wale watoto wanaowarushia mbuzi mawe hawachezi na jambo hilo.

"Shetani mkubwa we," Ouma Salmina akaliambia lile jiwe. "Umemng'oa kichwa, halafu ukamsalimia."

Akavua shali yake, akamfunika Bibi Eva, akateremka.

*

Kabla hajamaliza kusimulia, Traugott alikuwa ameshapiga simu polisi. Traugott alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpana mwenye sauti ya kengele na mguu mmoja mbovu uliovimba kila alipokula nyama, na nyama hakuacha.

"Nilisema!" alinguruma katikati ya uwanja, watu wameshamzunguka. "Babu zao hawa Wazungu walibeba vichwa vya babu zetu ndani ya masanduku, wakavipanga kwenye makabati kama vikombe. Leo wameanza tena. Na sisi tumemkaribisha mmoja, tumempa na maziwa ya mbuzi!"

Kidole chake kilielekea kwenye hema dogo la kijani chini ya mti wa miiba. Mwenye hema aliitwa Pihla, msichana kutoka Finland aliyekuja kusoma muhula mmoja katika chuo kikuu cha Windhoek. Wenzake aliosafiri nao wikiendi ile walibaki Swakopmund kula keki. Yeye aliomba aletwe jangwani. Aliyemleta Ijumaa mchana ni Bertus, mjukuu wa dada yake Ouma Salmina, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni kwenye mchanga na kuwazuia wasife kwa kiu.

Sajenti Iipinge alifika kutoka Walvis Bay, shati limeshamgandia mgongoni. Alikuwa mtu wa kaskazini, Mwovambo mwenye heshima zake.

"Habari za asubuhi, Kuku," akamwamkia Ouma Salmina.

Kwao kuku ni bibi, na hakuna anayetarajiwa kutaga.

"Zingekuwa nzuri kama ungekuja hapa kwa harusi," Ouma akamjibu. "Keti. Huyo mtoto umuulize mbele yangu. Kichwa ni cha kwetu."

Wakaketi barazani pake, chini ya mabati. Pihla aliletwa. Uso ulikuwa umemwiva kwa jua, nywele zimejaa mchanga, na Kiafrikana chake kilikuwa cha kuokoteza. Sajenti akaumwaga mkoba wa msichana mezani: koleo dogo la chuma, brashi, na kopo la bati lililokuwa likikwaruza kwa ndani. Sajenti akafunua kifuniko, akakirudisha upesi.

"Hivi ni vitu gani?"

"Madundu," alisema Pihla.

"Mende," Ouma akasahihisha, akikunja pua.

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Juu, kwenye mchanga. Nilikuwa nawatazama. Wanasimama kichwa chini, nyuma juu, ukungu unakuwa maji mgongoni, unateremka mpaka mdomoni."

Sajenti alimgeukia Bertus aliyekuwa amesimama mlangoni. Bertus akainua mabega. "Kweli, Sajenti. Makalio juu kabisa."

"Yaani umetoka Ulaya, umepanda ndege, kuja kutazama makalio ya mende?"

"Ndiyo," alisema Pihla. Kwake halikuwa jambo la kuchekesha.

"Koleo analo! Brashi anayo!" Traugott alipiga kelele kutoka uwanjani. "Mnangoja nini, anifukue na mimi?"

Watu wakanguruma. Kitu kimoja kilimchukiza Ouma Salmina zaidi ya kutapika kwenyewe: alitamani mwizi awe ni msichana huyu. Ingekuwa rahisi. Ungemtemea mate mgeni, ungelala usingizi. Lakini lile jiwe lenye udongo halikutaka kumtoka akilini.

"Mwanangu," akasema. "Uliyaona marundo ya mawe kule juu?"

Pihla akasita. "Niliyaona. La mwisho, upande wa bahari. Niliinua jiwe moja. Nilitaka kuona kama kuna madundu chini yake."

"Ukalirudisha?"

"Nililitupa pembeni." Macho yakaanza kumlengalenga. "Sikujua ni makaburi, Ouma. Hakuna aliyeniambia. Naomba msamaha."

Uwanja mzima ulilipuka. Ametupa jiwe la kaburi! Mama mmoja alivua kiatu kabisa. Lakini akili ya Ouma Salmina ilikuwa imeshanyanyuka na kuanza kutembea. Huyu ni mtu anayeondoa mawe. Aliyemchukua Bibi Eva alikuwa mtu wa kuongeza.

"Inatosha," alisema Sajenti. "Nampeleka mjini. Ataeleza huko."

"Na mimi nakuja nyuma yenu na pikapu yangu," Traugott akadakia. "Nitatoa ushahidi. Tena nina magunia ya mbegu za nara ya kanisa, ya kuuza huko. Twendeni sasa hivi, kabla hajapata wakili."

Ouma Salmina akamtazama Sajenti, kisha akayatazama magari mawili yaliyokuwa yameelekeza pua barabarani. Tangu juzi hakuna gari lililotoka Daweb. Kwa hiyo Bibi Eva alikuwa bado hapa, kwenye hema, kwenye nyumba au kwenye gari la mtu. Magari yakiondoka na msichana kafungwa pingu, kila mtu atarudi kwake ameridhika, hakuna atakayetafuta tena, na kile kichwa kitakwenda mahali ambako watu hunywa divai wakikitazama.

"Sajenti," akasema, "hutamchukua mtu barazani kwangu na njaa. Sina desturi hiyo. Kunywa chai kwanza."

"Kuku, kazi..."

"Kuku amesema chai."

*

Palikuwa na mbavu za mbuzi na mkate uliookwa kwenye makaa. Ouma Salmina alichukua bakuli, akaenda mwenyewe kwenye pikapu ya Traugott, akafungua mdomo wa gunia la kwanza.

"Ausi Salmina!" Traugott alikuja mbio na mguu wake mbovu, akimwita dada mkubwa kwa heshima zote. "Hizo za kanisa!"

"Na mimi wa kanisa. Nusu ya hizi nimezianika mwenyewe, mgongo ukilia. Mungu hataninyima bakuli moja."

Akachota juujuu, akalizungusha bakuli barazani. Sajenti alikuwa fundi: mbegu ilipita upande mmoja wa mdomo, ganda likatokea upande wa pili. Bertus alikuwa hivyo hivyo. Hata Pihla, katikati ya machozi, alijaribu, akatafuna na maganda. Bakuli lilipofika kwa Traugott, akalipitisha bila kuchota.

"Jino," alisema, akishika shavu.

Ouma Salmina akalisogeza bakuli mbele. Huyu Traugott alitafuna mbegu za nara wakati wa mazishi. Alizitafuna wakati wa Baba Yetu, kiasi kwamba mchungaji alishamwomba akae benchi la nyuma. Sasa alichukua ubavu wa mbuzi, akauvunja kwa meno yale yale, kraa, akafyonza uboho.

Ouma alikuwa na jambo jingine lililomkaba. Kama mwizi ni mtu wa Daweb, basi wa kwanza kutajwa angekuwa damu yake mwenyewe. Na Sajenti, ambaye hakuwa mjinga, alikuwa ameshafika huko.

"Bertus. Nyayo za magurudumu yako ziko chini ya tuta. Jana jioni ulikuwa unafanya nini hapo?"

Bertus akaivuta kofia mbele. "Nilikwenda kutafuta mtandao, Sajenti."

"Mtandao wa simu?"

"Ndiyo."

"Daweb nzima inapata mtandao kwenye choo cha shule," alisema Ouma Salmina. "Sema ukweli kabla sijakuvua hiyo kofia. Mtandao wako una jina?"

Bertus akatazama viatu vyake. Kutoka uwanjani sauti ya kike ikapaa, imechoka kusubiri: "Unalo! Lukretia!"

Lukretia alikuwa binti wa Traugott, wa pekee, mrefu kama mlingoti. Alikuja akipasua watu.

"Alikuwa na mimi kwenye gari, jana jioni yote. Andika, Sajenti, kama unataka kuandika."

"Binti yangu?" Traugott alinyanyuka, ubavu mkononi. "Na huyu mchunga watalii?"

"Sasa ulitaka nikae na nani, Baba? Hukuwapo nyumbani. Ungekuwapo ningetokaje?"

Watu wakacheka, wengine wakapiga vigelegele, na Traugott akaketi tena taratibu kama gunia linaloshushwa. Ouma Salmina alicheka pia, kwa sauti kuliko wote. Lakini hakumtazama Traugott hata kidogo. Ouma na Bertus waliweka mawe yao pamoja kwa Bibi Eva siku ya kwanza ya msimu, bega kwa bega. Kijana huyo angekatwa mkono kabla ya kuweka la pili. Mzigo ukamshuka kifuani.

"Sajenti," akasema, akiinuka. "Jambo moja la mwisho, halafu mchukue unayemtaka. Bibi yetu yuko wazi kule juu. Mzee wa kanisa amwombee kwanza. Traugott, endesha pikapu mpaka mgongoni mwa tuta, usije ukaumia mguu."

"Ausi, huu si wakati..."

"Mzee wa kanisa unakataa kuomba?"

Mbele ya watu wote wale, angekataa vipi?

*

Juu upepo ulikuwa umeanza. Pikapu ilisimama hatua chache kutoka kwenye marundo, magunia yakiwa nyuma. Shali ya Ouma Salmina ilipepea juu ya mabega ya Bibi Eva, na hakuna aliyetaka kutazama pale ambapo shali ililala bapa.

"Desturi kwanza, maombi baadaye," alisema Ouma. "Ambaye hajafika msimu huu, aweke jiwe lake."

Lukretia akaweka, akataja jina. Sajenti naye akaokota jiwe, akaweka, akasema yeye ni Iipinge, mpita njia. Pihla alikwenda mpaka chini ya tuta, akarudi amekumbatia jiwe alilolitupa, akaenda kuliketisha kwenye rundo la mwisho upande wa bahari. Hakuna aliyemzuia.

"Na wewe, Traugott? Mguu wako haujakuruhusu kupanda msimu huu, sivyo?"

"Tangu nara za mwaka jana sijafika," alisema Traugott. "Mungu shahidi."

"Basi weka jiwe lako."

Ouma Salmina akamtilia jiwe kiganjani. Dogo tu, jeupe. Traugott akapiga hatua, akafika kwenye rundo, akainama. Mkono ukaenda mbele, ukasimama. Watu walingoja. Jasho lilimtoka kwenye masharubu ingawa upepo ulikuwa baridi. Akajaribu tena. Vidole havikufunguka.

"Jina lako unalijua," Ouma akamhimiza kwa upole. "Traugott. Sema, weka, tuombe."

"Mimi ni Mkristo," akasema Traugott kwa sauti nyembamba. "Mambo haya ya kipagani..."

"Mwaka jana uliweka. Mwaka juzi uliweka. Nilikuwa nyuma yako, ulinikanyaga." Ouma akanyoosha fimbo yake kwenye jiwe lenye udongo. "Unaogopa kwa sababu hili ni lako. Umeshaweka la msimu huu. La pili ni la nani, Traugott?"

Jiwe jeupe likamponyoka, likaanguka kwenye mchanga bila sauti, mbali na kaburi. Alihakikisha liko mbali.

Watu walirudi nyuma kidogo, kama unavyorudi nyuma kwenye nyama iliyolala juani.

"Kwa nini uliliweka?" Bertus aliuliza, kama kweli alitaka kujua. "Usingeliweka, nani angekujua?"

"Mkono tu," alisema Traugott. "Nilikuwa nimeshamaliza, naondoka. Mkono ukaenda wenyewe."

"Bibi yuko wapi?" aliuliza Ouma Salmina.

Traugott akatazama upande wa bahari.

"Haya, nitamtafuta kwa meno yako. Mtu mwenye jino bovu havunji ubavu wa mbuzi. Wewe jino huna ubaya. Wewe unajua kilichomo ndani ya gunia, na ukashindwa kula kilicholala juu yake." Akamgeukia Sajenti. "Sisi tumekula."

Sajenti Iipinge, ambaye alikuwa na mbegu chache bado shavuni, akazitema zote. Akatema tena. Akafuta ulimi kwa kitambaa. Kisha, kwa kuwa kazi ni kazi, akapanda nyuma ya pikapu, akakunja mkono wa shati, akauzamisha ndani ya gunia la kwanza. Mbegu zilichakarika. Uso wake ukabadilika kabla mkono haujatoka.

Bibi Eva alikuwa amefungwa kwenye mfuko wa unga uliotoboka. Mdogo, wa rangi ya chai, mbegu zimejaa kwenye macho. Ouma Salmina akampokea kwa mikono miwili, akampangusa mbegu moja moja kwa kidole gumba.

"Ulimweka kwenye chakula," akasema. "Chakula cha watu, Traugott."

"Ni mfupa, Salmina!" Sasa sauti ya kengele ilirudi, imepasuka. "Mfupa! Hakubatizwa, hakuna anayemkumbuka uso, hata wewe! Kuna mtu Swakopmund anawataka hawa wa zamani, waliozikwa wameketi. Analipa vizuri, anawapeleka kwao Ulaya. Halafu akaja huyu msichana na koleo lake, nikaona nani atauliza? Unafikiri nilikuwa nataka nini, pombe? Nilitaka Lukretia naye aende ng'ambo kusoma, kama huyu! Huyu amekuja huku kutazama mende. Mende! Mwanangu ana akili mara mbili yake, na ataishia kuangua nara!"

Kila mtu akamtazama Lukretia.

"Ulitaka nipande ndege juu ya kichwa cha mtu?" akamuuliza baba yake. "Nami ningekuwa nakula huko, nalala, navaa? Ningekuwa navaa nini, Baba? Nywele zake?"

"Lukretia, sikiliza..."

"Usinishike."

Traugott akaurudisha mkono wake. Akamtazama Ouma Salmina, labda kwa kuwa ndiye pekee ambaye hakuwa amerudi nyuma.

"Nilikosa," alisema. "Nimekosa, Ausi. Lakini usiwaache wanifanye mnyama. Ni mara moja tu. Ni huyu mmoja tu, naapa mbele ya Mungu na mbele ya mwanangu. Huyu mmoja."

Juu ya pikapu Sajenti Iipinge alikuwa amehamia kwenye gunia la pili, kwa kutimiza wajibu tu. Mkono ulikuwa umezama hadi kiwikoni. Aliacha kupekuapekua.

"Kuku," akasema polepole, bila kuutoa. "Humu ndani yuko mwingine."